Kitufe cha Kona ya Juu

Stendi ilikuwa imefurika. Mabasi ya asubuhi yamechelewa, abiria wamekalia mabegi yao, na juu ya kelele zote ilisikika sauti moja ya kike, tulivu, kana kwamba inaongea na wewe peke yako: "Mwenye mzigo ulioandikwa 'usikalie', tafadhali afike ofisi ya vifurushi."

Mwenye mzigo alikuwa kijana mrefu, shati jeupe halijaonja pasi, aliyetengeneza muziki katika chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Mtaani walimwita Prodyuza. Alifika dirishani anahema, akamkuta mwenye sauti mwenyewe: gauni la kijani, nywele zimesukwa kwenda nyuma, kipaza sauti mkononi. Kwa sababu hiyo pale stendi walimwita Dada Kipaza.

"Kabla hujasaini, fungua kifurushi uone kama ni kizima," alisema. "Kuna mtu alishakikalia."

"Jamani, si kimeandikwa?"

"Tulisoma alipoinuka."

Prodyuza alifungua boksi roho mkononi. Ilitoka mashine nyeusi, pana kama sinia. Kushoto kulikuwa na kioo kidogo na swichi za kuzungusha. Kulia vitufe kumi na sita vya mpira, vimepangwa vinne kwa vinne. Haikuwa na hata mkwaruzo.

"Hii ndiyo nini, kikokotoo cha jitu?"

"Mashine ya biti, dada. Kila kitufe kinabeba sauti unayotaka. Namba moja ni hiki cha chini kushoto, ndipo naweka ngoma kubwa, maana kidole gumba kinalala hapo chenyewe. Halafu zinapanda, mstari kwa mstari, mpaka kumi na sita kona ya juu kulia."

"Mbona zinaanzia chini? Watu husoma kuanzia juu."

"Nyumba nayo inaanzia chini."

Dada Kipaza alibonyeza kitufe kimoja, akakisikia kinabonyea taratibu, akabonyeza tena. Foleni nyuma ikaanza kunung'unika. "Na mimi ningekaa wapi?"

"Wewe? Kumi na tatu. Juu kabisa, kushoto, ambako mkono haufiki kwa bahati mbaya."

"Thubutu. Sauti yangu ni ya kazi, usije ukaichezea."

"Naapa sitaichezea. Sasa nipe namba ya simu nikuulize vizuri."

Alipewa. Tangu siku hiyo simu hazikupoa. Alipiga akiwa anakula, akapigiwa akiwa anarekodi wasanii, wakawa wanaitana mpenzi hata kwa jambo la kuuliza saa. Jioni alimfuata stendi, wakatembea mtaa wa maduka ya vitambaa wakigombania karanga za pakiti moja. Tatizo lilikuwa moja tu, baba. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu, mjane aliyewalea mabinti wawili peke yake, na watu wa muziki aliwaweka fungu moja na wacheza kamari.

"Dada yangu anaolewa mwezi ujao," Dada Kipaza alisema. "Acha hiyo ipite, halafu nitamwambia baba mwenyewe. Asije akasikia kwa watu."

Siku moja ya mvua, Prodyuza amekata tamaa na wimbo uliokataa kukaa sawa, ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu yake. "Mpenzi, harusi ikipita namwambia baba. Hata akikataa, nitakuja kwako. Haya, fanya kazi."

Aliusikiliza mpaka mvua ikakatika. Kisha akautoa kwenye simu, akauingiza kwenye mashine, namba kumi na tatu, awe anaubonyeza akichoka. Alijiambia kwamba huko si kuichezea sauti ya watu, ni kuitunza. Binadamu akitaka jambo lake hakosi jina zuri la kuliita.

Bibi harusi alitafuta mtu wa muziki, na mdogo wake akampendekeza "kijana mmoja wa huko mjini" bila hata kupepesa macho. Asubuhi ya harusi mashine ikagoma kuwaka. Prodyuza alikimbia kwa rafiki yake, naye akampa ya kwake, ya kampuni nyingine, vitufe vile vile kumi na sita. Akachomeka kadi yake yenye sauti zote na kuwahi ukumbini.

Sasa waliotengeneza mashine ile walifikiri kama Dada Kipaza: namba moja yao ilikuwa juu kushoto, na zilizofuata zilishuka, mstari kwa mstari. Rafiki alimwambia. Alimwambia mlangoni, akarudia kwenye simu. Prodyuza akajibu "poa, poa" huku anavuta nyaya, na wageni walikuwa wameshakaa. Hakujaribu hata kitufe kimoja. Mikono yake, alisema, inaijua kazi.

Milango ikafunguliwa. Bibi harusi aliingia, nyuma yake mdogo wake katika gauni la waridi, ameshika pindo la shela. Mzee alisimama mstari wa mbele, koti limempendeza. Prodyuza akaachia kidole gumba chini kushoto, kwenye ngoma kubwa.

"Mpenzi, harusi..."

Alidhani amesikia vibaya. Akapiga tena, na tena kwa nguvu.

"Mpenzi, harusi... Mpenzi, harusi ikipita namwambia baba. Hata akikataa, nitakuja kwako. Haya, fanya kazi."

Ukumbi mzima ukageukia mashine. Hapakuwa na mtu mle ambaye hakuwahi kupanda basi, na sauti iliyowapangia safari miaka yote hawakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Shangazi mmoja alijifunika uso kwa mkoba.

Mzee aligeuka polepole. "Kijana, hiyo ni sauti ya nani?"

Dada Kipaza alikuwa ameachia pindo la shela. Prodyuza alimwona, akaona na macho ya watu wote, akatamani ardhi ipasuke. "Ni sauti za kununua mtandaoni, mzee. Hata simjui huyo dada."

Mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine. Mzee akageuka mbele. Harusi iliendelea, muziki ukapigwa mpaka mwisho, na Prodyuza aliupiga akiwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyejikojolea darasani.

Kesho yake alipiga simu mpaka ikapokewa.

"Mpenzi, nilitaka kukuficha."

"Kunificha na nini? Ukumbi mzima ulinijua. Aliyefichwa ni wewe."

"Nilichanganyikiwa."

"Mimi nilishafungua mdomo niseme ni sauti yangu. Aibu ya kusikika ningeibeba, ni maneno yangu. Ukanitangulia na kunikana, mbele ya wakwe wa dada yangu. Nikabaki mwanamke anayembembeleza mtu asiyemjua."

 Prodyuza alijua jambo ambalo hakumwambia: pale ukumbini hakumfikiria yeye kabisa. Aliogopa, basi.

Alipokwenda stendi, juu ya kelele za abiria ilisikika sauti ya mwanamume anayekohoa kila baada ya neno. Wapiga debe walikuwa wamemwimbia Dada Kipaza "mpenzi, basi likipita" mpaka akaomba kuhamishiwa chumba cha nyuma, kupanga tiketi. Prodyuza alisimama pale akisikia jina la kila mji linavyoharibiwa, masikio yakiwaka moto. Hakuomba kuonana naye. Jumapili iliyofuata alikwenda kwa mzee.

Ilikuwa mchana. Mzee alikuwa sebuleni na shangazi, bibi harusi na mumewe, wametoka kula. Dada Kipaza alikuwa jikoni anaosha vyombo. Mlango ulikuwa wazi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," mzee alisema, hakumkaribisha kiti. "Ile sauti uliyoniambia ni ya kununua. Uliinunua kwa nani?"

"Sikuinunua, mzee. Ni ya binti yako. Aliniambia nisiichezee, nikaiweka kwenye mashine bila kumuuliza. Ukumbini nilikosea kitufe, lakini hilo ni dogo. Uliponiuliza nilimjua, nikasema simjui. Nimekudanganya wewe, na yeye nimemvunjia heshima mbele ya watu. Naona haya hata kusimama hapa."

"Na bado umesimama," alisema shangazi.

"Ndiyo, shangazi."

Maji yalikuwa yameacha kutiririka jikoni. Dada Kipaza alitokea mlangoni, mikono ina povu, kanga imefungwa kiunoni. Alikuwa amekonda kidogo. Hakumtazama Prodyuza.

"Rudia," alisema. "Shemeji hakusikia vizuri."

Shemeji alisikia vizuri sana, lakini alikuwa na busara ya kunyamaza. Prodyuza akarudia yote, tangu mwanzo, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu sasa Dada Kipaza alikuwa anasikiliza mbele yake. Alipofika kwenye "nikasema simjui" alikwama, akaanza upya.

Dada Kipaza alijifuta mikono. "Sawa. Na mimi nina langu. Baba, maneno yale niliyasema mimi, na nilikusudia. Nisamehe kwamba uliyasikia kwenye spika."

Mzee alivua miwani. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyechekwa nyuma yake na hakujua. "Nilikaa mstari wa mbele," alisema, "watu wananitazama kama mzazi anayekimbiwa na mwanawe. Hata nikikataa, utakwenda?"

"Nitakwenda, baba. Ila nitakuwa nimekuaga."

"Nimekataa lini?" mzee alisema. "Kuna mtu aliyeniuliza?"

 Dada Kipaza aliinamisha kichwa, machozi yakimtoka, kisha kwa mara ya kwanza akamgeukia Prodyuza, akamtazama na kumngoja.

Prodyuza alifuta viganja kwenye suruali, akapiga magoti mbele ya mzee, akauliza.