Geji ya Mama Trizah

Siku za likizo Trizah hakulala hadi jua lichomoze. Alifagia nyumba, akachota maji, kisha akamfuata mama yake, Mideva, hadi kando ya reli, mtaani Laini Saba, ambako mama huyo alikuwa na kibanda cha kuziba pancha na kujaza magari upepo. Wateja wageni walizoea kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Naye Mideva, mikono myeusi kwa grisi, huwajibu, "Unaongea naye."

Trizah alikuwa na miaka kumi na tatu na tayari alijiona nusu fundi. Machoni pake mama alikuwa na kasoro moja tu: hakujua kusimama penye alama. Gari likitaka upepo wa thelathini, Mideva hujaza hadi mshale wa geji, ile saa ndogo ya kupimia upepo, upite thelathini na kufika thelathini na tano. Trizah alidhani macho ya mama yameanza kuchoka. Shuleni mwalimu wa sayansi alikuwa amewafundisha kusoma kipimo kwa kukitazama mbele kabisa, si kwa upande. Basi akajisemea kwamba siku atakayoachiwa geji hiyo, watu wataona kazi safi.

Siku yenyewe ilifika Jumanne moja ya Agosti, mwaka wa 1996. Isaac, kitinda mimba wao, alikuwa amekohoa usiku kucha. Asubuhi Mideva akamfunga mgongoni ili ampeleke kliniki.

"Wewe weka watu upepo tu," alimwambia Trizah. "Wa pancha waambie wangoje."

"Usijali, Mama."

Mideva akaondoka mbio mbio kuwahi foleni. Kuhusu geji hakusema lolote.

Mteja wa kwanza alikuwa Obiero, dereva wa pikapu kutoka Kawangware. Mama yake mzazi, Aoko, alikuwa amelazwa hospitalini kwa muda mrefu, na sasa alikuwa ameruhusiwa kutoka. Siku hiyo Obiero alikuwa anampeleka nyumbani Siaya, pamoja na kitanda chake, godoro na magunia ya vitu.

"Nyuma weka arobaini," alisema. "Mzigo ni mzito, na barabara unaijua."

Trizah akawasha mashine, akajaza, akainama mpaka jicho likawa sambamba na mshale. "Ni arobaini kamili," akamwambia Obiero, maana mshale haukupungua wala kuzidi. Obiero akamshukuru, akarudi Kawangware kupakia mizigo. Trizah naye akabaki amevimba kichwa kama aliyeshinda mtihani.

Baadaye akaja Waithaka, dereva wa teksi. Huyu alitaka thelathini, akajaziwa thelathini. Lakini Waithaka alikuwa amenunua geji yake mwenyewe wiki hiyo, na mwenye kitu kipya hakosi sababu ya kukitumia. Akaichomeka kwenye tairi.

"Hii inasema ishirini na tano," alisema.

"Labda hiyo yako ni mbovu, Anko," Trizah alijibu, bila adabu nyingi.

Waithaka hakukasirika. "Labda. Lakini geji mbili zikibishana, utajuaje mwongo ni nani?"

Trizah alifikiri kidogo. "Tutafute ya tatu."

Ng'ambo ya reli kulikuwa na makanika aitwaye Urbanus. Alikuja na geji yake, wakapima tairi lile lile. Ya Urbanus ilisema ishirini na tano. Ya Waithaka, ishirini na tano. Ya Mama Trizah, thelathini. Wakaenda tairi la pili, kisha la tatu na la nne. Kila mara geji ya kibanda ilizidisha tano, bila hata kuona haya.

Hapo Trizah akaelewa. Kumbe mama hakuwa kipofu. Na ile pikapu ya Obiero, iliyobeba mgonjwa na mzigo wa nyumba nzima, ilikuwa inakwenda safari ya mchana kutwa na upepo pungufu. Tairi legevu likilemewa na mzigo hupata moto, na likipata moto sana hupasuka.

Hakuna aliyejua habari za pikapu hiyo ila yeye. Angeweza kunyamaza, na pengine lisitokee jambo lolote. Alimfikiria Aoko amekaa pale mbele, ametoka juzi tu kitandani, na akaona hawezi.

"Anko, kuna gari nimelijaza vibaya asubuhi," alisema. "Liko Kawangware, na linaenda Siaya."

Waithaka hakuuliza mengi. "Ingia."

"Nendeni, mimi nitaangalia kibanda," Urbanus akasema.

Kule Kawangware waliulizia kwa madereva wenzake, wakamkuta Obiero akikaza kamba ya mwisho. Aoko alikuwa tayari ameketi mbele, amejifunika shali. Trizah alishuka akasema yote kwa pumzi moja, asije akaogopa katikati.

Obiero alikunja uso. "Si uliniambia ni arobaini?"

"Geji ilisema arobaini. Ilidanganya, na mimi sikuuliza."

"Wacha tupime," Waithaka alisema. "Gari limesimama kitambo, matairi yamepoa. Yangekuwa moto yangetudanganya tena."

Wakapima. Thelathini na tano, pande zote mbili za nyuma. Obiero alitazama mzigo, akamtazama mama yake, na hasira ikamwisha. Wakaenda hadi kituo cha petroli kilichokuwa karibu, wakaongeza upepo, Waithaka akahakikisha kila tairi kwa geji yake.

Kabla hawajaondoka, Aoko alitoa mkono dirishani akaushika wa Trizah. "Erokamano, nyathina," alisema kwa Kijaluo, kisha akamalizia kwa Kiswahili, "Asante, mtoto wangu. Madaktari walinitoa wodini, na wewe umenifungulia njia ya nyumbani."

Trizah aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili, kwa furaha na aibu pamoja.

Jioni Mideva aliporudi na dawa za Isaac, Trizah alimsimulia kila kitu, hata lile wazo la kunyamaza. Mideva aliketi juu ya tairi kuukuu, akaigeuza geji mkononi.

"Hii iliangukiwa na jeki mwaka jana," alisema. "Tangu hapo inazidisha tano. Nami naongeza tano kwa mazoea, hata sifikirii tena."

"Mimi nilidhani huoni vizuri."

Mideva alicheka mpaka Isaac akaamka. Alipotulia, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sikiliza, Trizah. Chombo kibovu nikikijua peke yangu, kinaniheshimu mimi na kumtega kila mtu mwingine. Ilinipasa nikitengeneze, au angalau nikwambie. Nawe ulipaswa kuuliza kwa nini napitisha alama, maana kuuliza si ujinga. Tutanunua nyingine, na hata hiyo mpya tutaipima kwanza kwa Urbanus kabla ya kumwekea mtu upepo."

"Sawa, Mama."

"Lakini kosa lilikuwa langu. Wewe ndiye uliyelibeba mpaka Kawangware ukalisema mbele ya watu." Akamvuta karibu, mikono yake ya grisi ikimchafua gauni, na wote wawili hawakujali. "Asante, mwanangu. Leo fundi wa kibanda hiki ulikuwa wewe."