Saa ya Meli na Saa ya Kisiwa

Sisi wa kijiji cha Punta Gorda, hapa kisiwani, tuna siku za aina mbili: siku ya meli na siku isiyo ya meli. Siku isiyo ya meli watu huvua, hulima, hujilalia mchana. Siku ya meli, meli kubwa ya wageni inapofika bandarini, kila mtu ana haraka, hata yule asiye na la kufanya.

Jumanne ile ilikuwa siku ya meli. Crisanta Guity aliamka mapema. Alikuna muhogo, akaukamua kwa kifumbu kirefu, akachekecha unga. Mumewe, Nemesio Batiz, alifuta vumbi kwenye gari lake dogo la abiria. Kisha akavaa kibali chake shingoni. Kibali hicho ni kadi yenye picha. Bila kadi hiyo, dereva haruhusiwi kusimama kwenye geti la bandari ya Coxen Hole kutafuta wageni.

Walikuwa wameianza kazi hii msimu ule ule. Nemesio huwaleta wageni kutoka bandarini. Crisanta huwaonyesha jinsi ya kuoka mkate wa muhogo kwenye chuma kipana, halafu huwapa chakula. Safari tano za kwanza zilikwenda vizuri, na Nemesio akaanza kujiona bingwa. Pale getini alikuwa akimtania Rufino Suazo, dereva wa basi kubwa linalokodiwa na kampuni ya meli. Alimwambia basi lake ni zizi, na abiria wake ni kondoo waliobandikwa namba kifuani. Rufino hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipanda basi lake na kuondoka.

Siku hiyo Nemesio alipata wageni wawili, mtu na mkewe, wazee kutoka Kanada. Mume aliitwa Clyde, alitembea kwa mkongojo. Mke aliitwa Noreen. Nemesio aliwauliza swali moja tu: mwisho wa kupanda meli ni saa ngapi? Noreen akasema ni saa tisa na nusu alasiri. Nemesio akatazama saa yake, akapiga hesabu. Barabara ni dakika hamsini. Wakiondoka Punta Gorda saa nane na robo, watafika na nafasi ya kutosha. Akawasha gari.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka chakula kilipokwisha. Wazee walikula ndizi za kuponda na mchuzi wa samaki wa nazi, Clyde akaongeza mara mbili. Nemesio akampakia Clyde garini, akampeleka mwisho wa kijiji akaone mtu anavyochonga ngoma. Noreen alibaki akimsaidia Crisanta kukunja mikate. Hapo ndipo Crisanta alipoiona saa ya mkononi ya yule bibi. Ilionyesha saa nane na nusu. Aliitazama saa yake ya ukutani. Ilionyesha saa saba na nusu.

"Bibi, saa yako imekosea," Crisanta alisema.

"Haijakosea," Noreen akajibu. "Ni saa ya meli. Tuliambiwa tusiibadilishe."

 Crisanta hakujua saa ya meli ni kitu gani, lakini hesabu aliijua. Kama bibi huyu alisema saa tisa na nusu kwa saa yake, basi kwa saa ya kisiwa ni saa nane na nusu. Ilibaki saa moja, si saa mbili. Na gari halikuwepo.

Alimpigia Nemesio simu, haikupokelewa. Alipiga tena, haikupokelewa. Akampigia binamu yake, Digna Norales, anayefanya kazi bandarini katika ofisi ya kupanga safari za wageni. Digna alimsikiliza, akatazama ratiba ya meli.

"Ni kweli," alisema. "Meli ya leo haikubadilisha saa. Iko saa moja mbele yetu. Waleteni sasa hivi."

"Wakichelewa kidogo, si itawangoja?"

"Nyinyi haitawangoja. Wageni wenu wametoka na gari la kujitegemea. Meli huwangoja wale tu waliotoka na safari ya kampuni."

Noreen alikuwa ameshaelewa kutoka usoni kwa Crisanta. Alikaa kwenye kiti, akaanza kuzungusha pete yake kidoleni. Alisema pasipoti zao ziko melini. Kisha akasema dawa ya sukari ya mumewe nayo iko melini, sindano ya jioni, na kuikosa ni hatari.  Crisanta alitoka mbio, akakimbia kijiji kizima na aproni yake, watu wakimuuliza nani kafa.

Alimkuta Nemesio anacheka na mchonga ngoma, simu yake imeachwa ndani ya gari. Alipomweleza, kicheko kilikatika. Walimwinua Clyde, wakamchukua Noreen nyumbani, wakaingia barabarani. Saa ya kisiwa ilikuwa saa nane kasorobo. Zilibaki dakika arobaini na tano kwa barabara ya dakika hamsini.

 Nemesio alishika usukani kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Alijua kitakachofuata wazee wakiachwa. Watakwama kisiwani bila dawa wala pasipoti, na yeye ataitwa ofisini avue kadi yake. Lakini alipomtazama Clyde kwenye kioo, aliisahau kadi. Mzee alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza, kama mtu anayesali. Noreen alimshika mkono.

Nusu ya njia, kwenye mlima, walikuta basi kubwa mbele yao. Lilikuwa linapanda polepole, na moshi wake uliziba barabara yote. Lilikuwa basi la Rufino.

Simu ya Crisanta ililia. Alikuwa Digna. Alisema basi la Rufino limechelewa kwa sababu ya pancha, na nahodha ameshaarifiwa. Ngazi ya meli haitaondolewa mpaka basi hilo lifike.

"Mko mbele yake au nyuma yake?" Digna aliuliza.

"Nyuma. Tunaliona."

"Basi lazima mfike kabla yake. Likishashusha watu na nyinyi hamjafika, ngazi inaondolewa."

Nemesio alisikia. Akabadilisha gia, akaingiza pua ya gari upande wa pili wa barabara. Mbele kulikuwa na kona, na nyuma ya kona hakuna aliyejua kuna nini. Crisanta akamshika mkono.

"Usipite hapa," alisema. "Afadhali waikose meli kuliko kufa. Rudi nyuma yake."

Nemesio alirudi.  Alimwambia mkewe kwamba Rufino hawezi kumpisha. Kwa maneno aliyomwambia mbele za watu, hata yeye mwenyewe asingejipisha.  Crisanta alimwomba Digna, aliyekuwa bado kwenye simu, ampigie Rufino, amweleze habari za sindano ya mzee.

Walipanda mlima wote nyuma ya moshi ule. Dakika zile zilikuwa ndefu. Kisha, juu ya mlima, taa ya kulia ya basi ikaanza kuwaka na kuzima. Basi likasogea pembeni, magurudumu mawili majanini, likasimama. Mkono wa Rufino ukatoka dirishani, ukawaashiria wapite.

Nemesio alipopita, alipunguza mwendo. Rufino aliinama dirishani.

"Nenda taratibu," alisema. "Mimi niko nyuma yako. Nikiwa nyuma yako, hawaondoki."

Na alibaki nyuma yao njia nzima. Walipofika bandarini, saa nane na nusu ilikuwa imepita kwa dakika kumi. Geti lilikuwa wazi na ngazi bado ipo. Kutoka getini mpaka kwenye ngazi ni mwendo mrefu kwa mzee mwenye mkongojo. Rufino alisimamisha basi na kuacha milango imefungwa, abiria wake wakigonga vioo. Hakuifungua mpaka alipomwona Clyde anakanyaga ngazi ya meli.

Noreen aligeuka huko juu, akapunga mkono. Crisanta alikaa chini pale pale kwenye saruji, akalia. Nemesio alimfuata Rufino kumshukuru.

"Kondoo wangu wako salama," Rufino alisema. "Wa kwako je?"

Nemesio alicheka, macho yamejaa machozi, akamwomba msamaha.

Kesho yake haikuwa siku ya meli. Digna alikuja Punta Gorda na daftari, akaketi jikoni kwa binamu yake. Nemesio alikaa mbali kidogo, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Kwanza acha kuwaita wageni wako watalii," Digna alimwambia. "Kwa hesabu zetu za ofisini, mtalii ni yule anayelala hapa japo usiku mmoja. Hao wako ni wageni wa kutwa. Wanakuja asubuhi na kuondoka jioni."

"Tofauti yake ni nini? Wote wanakula."

"Mtalii akichelewa kwako, hoteli inamsubiri. Mgeni wa kutwa kitanda chake kinaelea, na kinaondoka."

Nemesio aliuliza kwa nini meli iwe na saa yake. Digna akaeleza kwamba meli nyingi hutumia saa za bandari zilikoanzia safari, ili abiria wasibadilishe saa katika kila nchi. Nyingine hufuata saa za kisiwa. Zile za kwanza huwa mbele yetu saa moja, na kuna miezi zinakuwa mbele saa mbili.

"Mbona safari tano sikukosea?"

"Mbili meli zilifuata saa zetu. Tatu ilinyesha, ukawarudisha mapema. Ilikuwa bahati, shemeji."

Kisha akawaeleza jambo lililomkera Nemesio zaidi. Wageni wa Rufino wamo kwenye orodha ya kampuni, kila mmoja kwa jina. Kampuni imewauzia safari hiyo yenyewe, kwa hiyo inawajibika kwao, na basi likiharibika meli inasubiri. Mgeni anayetoka mwenyewe na gari la kujitegemea hulipa kidogo na hupata mapishi ya Crisanta, lakini akichelewa, hasara ni yake. Akiachwa, itabidi ajigharimie mpaka bandari inayofuata, labda awe na bima ya safari.

"Hilo mgeni anatakiwa alijue kabla hajapanda gari lako," Digna alisema. "Umwambie wewe. Usimfiche."

Crisanta aliuliza wafanye nini sasa. Digna alimwambia aanze na maswali mawili getini: mwisho wa kupanda ni saa ngapi, na saa yako wewe mgeni sasa hivi inasema saa ngapi? Jibu la pili lilinganishwe na saa ya kisiwa, tofauti iandikwe kwenye karatasi, mgeni aione. Halafu wapange kufika bandarini saa moja nzima kabla ya mwisho wa kupanda. Saa hiyo ni ya pancha, ya mvua, na ya mzee anayetembea kwa mkongojo.

Wiki ile ile Crisanta alitundika saa ya pili ukutani. Chini ya moja aliandika KISIWA, chini ya nyingine MELI. Kila siku ya meli, Nemesio hupiga simu kutoka getini, na Crisanta huirekebisha ile ya pili ifuate saa ya meli. Wageni wakiziona hukaa kwa raha. Wengine huzipiga picha zaidi kuliko wanavyopiga picha mkate, jambo ambalo Crisanta halipendi.

Msimu wote ulikwisha bila mgeni kuchelewa. Msimu uliofuata ofisi ya Digna iliikagua nyumba, jiko, gari na bima, ikaingiza mikate ya Crisanta kwenye orodha ya safari za kampuni. Sasa wageni wa Nemesio nao wana namba kifuani. Rufino huzisoma kwa sauti getini, moja moja, na Nemesio hucheka naye.

Meli sasa ni lazima imngoje Nemesio. Hajawahi kuijaribu. Hufika mapema saa nzima, huwasindikiza wageni mpaka chini ya ngazi, na haondoki mpaka wa mwisho ageuke na kumpungia mkono.