Chetezo Kikuu cha Mbio za Radi

Gari la kwanza lilipoingia kona ya Bandarini, matairi yalilia na moshi mweusi ukafumka nyuma yake kama wino ndani ya maji. Haukufika mbali. Matundu yaliyotobolewa kando ya barabara, madogo kama ya kichujio, yaliuvuta ukaingia chini ya ardhi pamoja na uvundo wake wote. Juu majukwaani, maelfu ya wageni waliokuja Tanga kutazama Mbio za Radi walivuta hewa ya asumini iliyopulizwa kwao.

"Kiwango cha raha, asilimia tisini na saba," ilisema sauti ya Msimamizi, akili ya mashine iliyouendesha uwanja mzima.

Zamda, mhandisi wa hewa, alitabasamu mbele ya kioo cha kompyuta, katika chumba chake cha mitambo. Mtambo ule wa kuvuta moshi, Chetezo Kikuu, ulikuwa wake. Magari ya mjini yalikwisha kuacha kuchoma kitu chochote zamani, yanapita kimya kama paka. Ya mbio tu ndiyo yaliyoendelea kuchoma mafuta ya mwani, kwa sababu wenye mbio walitaka ngurumo. Ngurumo ikaja na moshi, na Zamda akapewa kazi ya kuuondoa.

Wazo alilipata kwa shangazi yake, Bi Hadia, somo wa mtaa wa Kwa Mzingo, mfunzi na mpambaji wa maharusi. Hakuna bibi harusi aliyetoka mtaani hapo bila kupita mikononi mwake: singo ya kusugua mwili, asumini nyweleni, kisha nguo kutandazwa juu ya tenga, chetezo chini yake, na moshi wa udi kupanda polepole ukinywewa na kitambaa. Utotoni Zamda aliutazama moshi ule mpaka macho yakamtoka machozi. Alipokuwa chuoni akajiuliza: ikiwa moshi unaongozeka ukaingia ndani ya nguo, kwa nini usiongozwe ukatoka nje ya mji? Ndipo akachora chetezo kilichogeuzwa, kinachovuta badala ya kutoa. Chini ya ardhi alikiwekea tumbo la mkaa wa vifuu vya nazi, lisafishe moshi kabla haujaachiwa.

Mkurugenzi Tungaraza, aliyekuwa na Shirika la Mbio mkononi, aliingia na kikombe cha kahawa.

"Mhandisi, wageni wanasema Tanga inanukia kuliko peponi."

"Wamefika lini huko, Mkurugenzi?"

"Mwenye tiketi ya jukwaa la juu amekwisha kufika." Akacheka peke yake. "Nenda kwenye maandalizi ya harusi yenu. Ila kesho uwe hapa, fainali haina mhandisi mwingine."

Saumu, binti wa jirani aliyelelewa nusu na Bi Hadia, alikuwa anaolewa kesho yake alasiri. Zamda alipanda kigari cha umeme akiwa na moyo mweupe. Barabara ya Kwa Mzingo, iliyokuwa mashimo na matope, sasa ilinyooka kama uzi. Palikuwa na zahanati mpya na taa zinazojiwasha. Yote hayo aliyaahidi yeye mwenyewe kwenye mkutano wa mtaa, akiwa ndiyo kwanza amemaliza chuo, pale wazee walipokuwa wanasitasita. "Mbio ni neema," aliwaambia, na aliamini. Tangu hapo alikuwa akikaa kwenye nyumba za wahandisi uwanjani na kuongea na shangazi kwa simu. Simu za siku hizo zilipeleka sura, sauti, hata mguso wa mkono. Harufu ilikuwa bado haijapata njia.

Aliposhuka, alijikuta amerudi nyuma hatua moja.

Ilikuwa harufu ya mpira ulioungua, ya mwani uliooza juani, na chini yake kitu kitamu kitamu, kama nyama iliyosahauliwa chunguni. Ilishika ulimi, ikakaa kwenye meno. Mate yakamjaa mdomoni, akayatema kando ya barabara nzuri. Uani wanawake walikuwa wanachambua mchele, kanga zimefungwa puani. Watoto walicheza bila kujifunga kitu. Hiyo ilimtisha zaidi, kwamba wao hawakuisikia tena.

"Karibu, bibi mkubwa wa mbio," alisema Bi Tatu, jirani muuza vitumbua. "Leo umeamua kuja na pua yako?"

"Shikamoo, Bi Tatu. Hii ni nini?"

"Marahaba. Unatuuliza sisi?"

Ndani, Bi Hadia alikuwa ameketi kwenye kibao, chetezo mbele yake. Aliinuka akamkumbatia Zamda, kisha, kama kawaida yake, hakupoteza wakati. Alimnyooshea buibui la harusi alilokwisha kulifukiza.

"Nusa hili, mwanangu. Udi wa mawaridi. Umekaa, haujakaa?"

Zamda alilipeleka usoni. Kilichomwingia ni tairi. Tairi tupu, kama kwamba nguo ile ilikuwa imefutiwa sakafu ya gereji. Aliinua macho akaona wanawake wote wamemkazia macho, na Bi Tatu anatikisa kichwa polepole: usiseme.

"Umekaa, shangazi," alisema.

"Nilijua!" Bi Hadia alirudi kwenye makaa yake, uso umemkunjuka.

Kutoka ukumbini sauti ya msichana ilinong'ona, "Bwana harusi atadhani kaletewa fundi gereji." Vicheko vikabanwa. Saumu, aliyekuwa amefunikwa kanga pembeni, alianza kulia bila sauti. Bi Hadia akadhani ni machozi ya kuiaga nyumba, akampapasa mgongoni.

Zamda alimvuta Bi Tatu uani. "Tangu lini hanusi?"

"Tangu mbio za mwaka jana. Alichoma ubani mpaka ukaisha koponi akidhani haujashika. Sisi tukamwambia mzuri, mzuri. Ungemwambia nini? Ana kazi gani nyingine duniani?" Bi Tatu alijifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Mimi barabara siitukani. Ndiyo iliyomfikisha mwanangu hospitali akajifungua salama, na wageni wamenunua vitumbua vyangu. Lakini kila gari linapokohoa huko kwenu, sisi ndio tunaotapika. Njoo uone."

Nyuma ya kisima cha zamani, bomba lilitoka ardhini, pana kama mlango. Mipapai iliyolizunguka ilikuwa imenyauka, majani yamepakwa utando mweusi unaonata. Zamda aligusa jani, masizi yakamganda kidoleni kama kamasi. Akayasugua ukutani, yakakataa kutoka. Hapakuwa na bomba kama hilo kwenye michoro yake. Lakini pia, miaka yote ile, hakuwahi kutoka mle chumbani mwenye asumini akaenda kutazama moshi wake unaishia wapi.

Alimpigia Tungaraza papo hapo.

"Tumbo la mkaa?" Mkurugenzi hakushtuka hata kidogo. "Lilitolewa zamani. Mkaa ulitaka kubadilishwa kila siku ya mbio, nani ana muda huo? Tukarefusha bomba. Pale si pana upepo wa kutosha?"

"Pana watu."

"Na watu wamepata lami, dada. Hakuna harusi isiyo na vyombo vya kuosha."

"Vyombo vya harusi yenu anaosha shangazi yangu."

"Mpe pole," alisema Tungaraza, na simu ikakatika.

Usiku huo Zamda hakurudi kwenye nyumba za wahandisi. Aliingia uwanjani mchana wa fainali, amekwisha kupiga hesabu zake. Harusi ilikuwa alasiri, na fainali ilikuwa alasiri. Nguo zikifukizwa huku moshi wa mbio ukimwagika Kwa Mzingo, Saumu angetolewa mbele ya ukoo wa mumewe akinuka tairi, na siri ya Bi Hadia ingekuwa gumzo la mji. Alimwachia Bi Tatu neno moja: upepo ukibadilika, fueni buibui upesi, mumwambie shangazi afukize tena.

Magari yalipoanza kunguruma, Zamda aliinamia maikrofoni. Chetezo Kikuu kilitii sauti yake tu.

"Zima."

"Kiwango cha raha kitashuka," alijibu Msimamizi. "Niendelee kuzima?"

"Endelea."

Chini ya ardhi mapangaboi yaliyovuta moshi yalilegea, yakasimama. Kwenye kona ya Bandarini moshi ulifumka, na safari hii haukuvutwa. Ulipanda majukwaani ukawafunika wageni wote, wa juu na wa chini. Zamda alishika ukingo wa meza. Alitaka wakohoe. Alitaka washike matumbo yao, waulize kwa hasira uchafu huu ulikuwa ukienda wapi siku zote.

Walikohoa. Halafu mtu mmoja akapiga mbinja, na uwanja mzima ukalipuka.

"Hii ndiyo mbio!" walipiga kelele. Wanaume walivua kofia wakaupepea moshi uwaingie usoni. Mama mmoja alimwinua mwanawe juu ya mabega. Mtoto alikuwa na matundu ya pua meusi, anacheka na kupiga makofi. Watu walipakana masizi mashavuni wakapigana picha.

"Kiwango cha raha," alisema Msimamizi, "asilimia mia."

Tungaraza aliingia mbio, jasho linamtiririka, akamkumbatia Zamda kabla hajajikinga. "Nilidhani umetuua! Kumbe umetufundisha biashara. Mwakani tunauza jukwaa la moshi halisi, tiketi ghali kuliko zote!"

Zamda alijitoa mikononi mwake. "Kwa hiyo chetezo hawakukihitaji?"

"Nani alisema walikihitaji? Kilipendeza kwenye matangazo." Alijipangusa uso. "Sasa kiwashe nusu, kwa ajili ya jukwaa la wakubwa. Wao asumini yao waachie."

"Na moshi wa wakubwa utaenda wapi?"

Tungaraza alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji ya kuogea huenda wapi.

Zamda alivua koti la kazi. Lilinuka asumini mpaka kwenye pindo, na kwa mara ya kwanza harufu ile ilimtia kinyaa kuliko masizi. Aliliacha sakafuni. Tungaraza alimwita, akamkumbusha mkataba, akaapa kwamba watanunua mtambo mwingine unaotii sauti yoyote. Huenda wangenunua. Ila siku hiyo mapangaboi yalibaki kimya.

Kwa Mzingo alisikia vigelegele kabla ya kuifikia nyumba. Saumu alikuwa anatolewa, buibui linapepea, na nyuma yake ulifuata udi wa mawaridi, mzito na safi, mpaka wakwe wakafumba macho. Wasichana wa ukumbini walivuta pumzi ndefu.

Bi Hadia alikuwa amebaki chumbani na makaa yake. Alichukua kikuba cha asumini, akambandika Zamda kifuani kama alivyofanya kila harusi ya utotoni mwake.

"Haya, nusa. Yanukaje?"

Zamda aliinamisha kichwa. Asumini ikampanda puani, na nyuma yake ukaja ule uwanja, ule moshi, yule mtoto anayecheka. Alikimbilia dirishani, akatapika.

Bi Hadia alimshika kichwa mpaka akamaliza. Kisha akauliza taratibu, "Jana buibui lilinuka nini?"

Zamda alitazama nje ya dirisha.

"Leo wamelifua, wakataka nilifukize tena bila kuniambia sababu. Nimepoteza pua, mwanangu. Akili ninayo."

"Lilinuka tairi, shangazi," alisema Zamda, machozi yakimtoka. "Na moshi ulikuwa wangu."

Bi Hadia aliyafukia makaa kwa majivu. Kisha alikichomoa kikuba kifuani pa Zamda, akakitupa nje. Alifungua kijaluba chake cha manukato, akaokota kipande kimoja cha udi, akakiweka kwenye kiganja cha Zamda.

"Kwanza niambie hiki kinanukaje," alisema. "Na usiniongopee tena. Halafu tutakwenda wote kwenye hilo bomba."

Zamda alifuta mdomo, akakipeleka kipande puani, akaanza kumwambia.