Kilio cha Sadock Mgodini

Siku ile mwangwi ulitangulia. Sadock hajafungua kinywa, ameshika swichi ya taa tu, akasikia kikohozi ndani ya mwamba, kikavu, cha mtu aliyemeza vumbi jingi.

Akajikaza. Mgodi huu wa makaa ya mawe, milimani juu ya Same, ulifungwa zamani. Sasa ni makumbusho, na yeye ndiye mwongoza wageni anayependwa kuliko wote. Kila ziara huimaliza hivi, macho makavu: huzima taa, halafu hulia kama mchimbaji aliyefukiwa. Wageni hupiga mayowe, kisha huangua kicheko na kuomba picha.

Akazima taa, akaanza. "Nitoeni! Jamani, nitoeni!"

Kilio kilitoka, lakini hakikuwa chake. Kilipanda kooni kizito, kikikwaruza, harufu ya moshi wa makaa ikamjaa mdomoni, naye akajaribu kufumba kinywa kikakataa, taya zikabaki wazi kama zimeshikwa na mikono ya mtu, na sauti ikazidi kuita na kuita, hata ikataja jina ambalo Sadock hakuwahi kulitia katika mchezo wake: "Asteria! Asteria, niko hai huku!"

Wageni wakacheka. Mmoja akapiga makofi.

Kisha gizani ikasikika sauti ya chini ya mwanamke mzee. "Anaeli? Baba Jesca, ni wewe?"

Sadock akawasha taa. Bibi mmoja wa kijiji cha Suji, ambaye Sadock alimwamkia shikamoo getini naye akaitikia marahaba kwa upole, alikuwa amepiga magoti.

"Mume wangu alifukiwa humu," alisema. "Hawakumtoa."

Aibu ikamshika Sadock. Alitamani ardhi immeze, na ardhi yenyewe tayari ilikuwa juu ya kichwa chake. Alitaka kusema, "Bibi, nisamehe." Mdomo ukasema mengine.

"Asteria, nimeita miaka yote. Watu wanakuja, wananisikia, wanacheka. Wanachekea nini?"

Bibi akamshika Sadock mashavu kwa viganja viwili. "Mwachilie mwana wa watu, mume wangu. Nimekuja kukuchukua, twende nyumbani."

Moshi ukamtoka Sadock puani. Akakohoa hadi machozi, na sauti yake ikarudi.

"Bibi..."

"Ameuliza swali," bibi alinong'ona, bado amemshika. "Mjibu kabla hatujaondoka."

Sadock akafungua kinywa. Sasa kilikuwa chake peke yake, na kilio kilichotoka hakikuwa cha mchezo.