Kidirisha Kisichofungika

Fundi alifuta kioo cha kompyuta kwa upindo wa gauni lake, akafuta tena, na lile doa likabaki palepale. Dogo tu, kama kucha. Alipochukua kikombe, doa likahamia kwenye kikombe. Akageukia ukuta, likamtangulia ukutani.

"Macho yamechoka," alijisemea, akayafikicha.

Siku yenyewe ilikuwa imeanza vibaya. Yeye ndiye aliyeitengeneza tovuti ya zahanati alikofanya kazi, na mkurugenzi, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi Faida akishawapa mgongo, wiki chache nyuma alikuwa amemtaka aongeze kidirisha cha kuibuka kila mtu anapoingia: "Karibu! Andika jina na namba yako upate punguzo." Kazi nyepesi. Fundi akaweka na alama ya kukifungia pembeni, na Bosi alipoiona akaja juu.

"Toa hiyo! Wakifunga, namba zao nitazipata wapi?"

"Bosi, kwenye simu ndogo kinafunika namba ya gari la wagonjwa. Mwenye dharura atafanyaje?"

"Si aandike jina? Au jina lake halijui?"

Akacheka peke yake. Fundi alimeza hasira, akaitoa ile alama.

Sasa, asubuhi hiyo, alikuja mwanamume na simu ya mkewe. Mke alishikwa na uchungu akiwa peke yake, akaingia kwenye tovuti kutafuta gari. Majirani walimkuta sakafuni ameshakata roho, yeye na mtoto wake tumboni. Mwanamume aliiweka simu mapokezi, kidirisha kikiwa bado wazi, kioo kimetapakaa alama za vidole vyenye damu, akaondoka. Saa chache baadaye ndipo Fundi alipoliona doa.

Kufikia jioni lilikuwa kubwa kama kiganja. Nyumbani aliinama ambusu bintiye, Kijino, aliyeng'oka jino la mbele, na mahali pa uso wa mtoto akaona kisogo cha mwanamke, nywele zimelowa jasho, na akisogea kushoto kisogo nacho kinasogea, akifumba macho anasikia kucha zikigonga kioo, tap, tap, tap, za mtu anayebonyeza simu isiyomkubalia, na harufu ya damu mbichi inampanda kooni, huku mtoto amemshika mkono akiuliza, "Mama, mbona huniangalii?"

Shangazi yake Fundi, aliyeishi nao, alikwenda mbio kumleta mama mmoja mtoa pepo. Mama yule aliishia mlangoni.

"Hapa sivuki," alinong'ona. "Huyo marehemu anakuziba kama alivyozibwa. Hicho kilichomziba kiko wapi?"

"Kwenye tovuti. Lakini mimi niliamriwa!"

"Aliamuru mwingine, mkono ulikuwa wako. Kaking'oe. Kikirudi naye atarudi, na mimi msiniite tena."

Fundi alikaa kwenye kompyuta akipapasa, akakifuta kidirisha chote. Kisogo kikayeyuka. Akamwona Kijino, pengo na yote, akamkumbatia akilia kwa sauti.

Kesho yake Bosi alimsubiri kwenye ngazi za zahanati, macho yake mazima, hayaoni doa wala kivuli. Hilo lilimchoma Fundi kuliko matusi yote aliyokuwa akitukanwa.

"Umegusa mali yangu! Huna kazi. Na kidirisha kimesharudi, nimepata kijana mwingine, hana maneno mengi."

"Mtu amekufa, we mwanaharamu!"

"Watu hufa kila siku."

Fundi alimtemea mate viatuni, akatoka mbio. Njia nzima alikuwa akilitafuta doa: kwenye magari, kwenye kuta, kwenye viganja vyake. Hakuliona. Alipofika nyumbani, Kijino alikuwa kwenye kizingiti, uso wake wazi kabisa, na Fundi akashusha pumzi.

Mtoto hakumkimbilia. Alipinda shingo upande mmoja, kisha upande wa pili, akasimama kwa ncha za vidole akichungulia.

"Mama," alisema polepole, "mwambie huyu mama asogee. Nataka kukuona."

Fundi alisogea kushoto. Akasogea kulia. Mtoto akatikisa kichwa, akaanza kulia.