Mjane Anavua Glavu

"Zima hiyo simu, Alcide. Nimeona vya kutosha."

"Mama, ngoja nikueleze..."

"Unieleze nini? Macho yangu ni mazima. Huyu ni Eulalie, mchumba wako. Na hiyo anayoivua mbele za watu ni nguo ya msiba!"

Kwetu New Orleans Jumatatu ni siku ya maharage mekundu, na pale kwa Bi Hortense Rochon maharage yalikuwa yanaungua jikoni bila mtu wa kunyanyuka kuyakoroga. Harusi ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo. Bibi harusi mwenyewe, Eulalie Doucette, alikuwa amekaa hapo hapo mezani, kijiko mkononi, akijitazama kwenye video aliyorekodiwa akicheza bila kujua.

Video ilitumwa na Dada Ozella wa kanisani. Chini yake aliandika:

"Hortense mpenzi, huyu si mkweo mtarajiwa? Tunakuombea."

Mnajua wenyewe. Mtu wa kanisani akikuandikia "tunakuombea", jua kwaya nzima imeshaona.

Bi Hortense alimgeukia Eulalie.

"Alcide aliniambia unafundisha watoto kucheza."

Eulalie akaweka kijiko chini. Hakumtazama mama mkwe. Alimtazama mchumba wake.

"Ulimwambia nini?"

Alcide akainamisha kichwa. "Lalie, nilikuwa nasubiri wakati mzuri."

"Harusi ni Jumamosi, Alcide! Wakati mzuri ulikuwa lini, tukishazaa watoto watatu?"

"Nilijua mama atachukia."

"Na mimi mwaka mzima nakula kwenye meza hii nikidhani mama anajua, ameamua tu kunistahi! Kumbe nimekaa hapa kama mtu wa kuazima!"

Yale ya video hayakumuuma. Kilichomchoma ni ule uongo wa kufundisha watoto.

Bi Hortense akagonga meza. "Mtagombana baadaye. Sasa nisikilizeni mimi. Eulalie, unajua kazi ya nyumba hii?"

"Mazishi, mama."

"Mazishi. Babu yake Alcide alizika watu, mume wangu alizika watu, na mimi nazika watu. Mtu akifa tunamwosha, tunamvisha, tunamsitiri. Mtaa mzima unatukabidhi miili ya mama zao kwa sababu wanajua sisi ni watu wa kusitiri. Halafu mke wa mwanangu awe ni mtu wa kuvua?"

"Mama, burleski si uchi. Ni mzaha. Ni madaha. Naweza kuwachezea watu wimbo mzima nikavua glavu mbili tu, na wakatoka pale mbavu zinawauma."

"Glavu leo. Na kesho?"

"Kesho kofia."

"Usinichekeshe, sitaki kucheka!"

"Ndiyo kazi yangu, mama. Wewe unawavisha wasioweza tena kucheka. Mimi navua mbele ya wanaoweza."

Bi Hortense alivuta pumzi ndefu. Alikuwa amevaa nyeusi, kama kila siku tangu mumewe azikwe, na watu walishazoea kuiona nyeusi ile kama sehemu ya ngozi yake.

"Na huyo mjane unayemwigiza," alisema polepole, "ni nani?"

Eulalie akaitazama ile nguo nyeusi ya mama mkwe.

"Nilijua. Alhamisi una onyesho?"

"Ndiyo. Mimi ndiye wa mwisho. Ndiye watu wanayemjia."

"Usipande. Ukipanda, Jumamosi hakuna harusi kwenye familia yangu. Alcide, mwambie."

Wote wawili wakamtazama Alcide. Mwanaume mzima, bega pana, mbeba majeneza, akaanza kutafuta maneno kwenye kitambaa cha meza.

"Lalie... kwani ukiiacha hii ya Alhamisi tu? Halafu tukishaoana tutaangalia."

Eulalie akasimama, akachukua mkoba wake.

"Asante kwa chakula, mama. Alcide, pete ninayo na sikurudishii, kwa sababu nakupenda na sina aibu ya kukupenda. Alhamisi nitapanda. Wewe amua utakaa wapi."

Akaondoka. Maharage yalikuwa mkaa.

*

Jumanne simu ya Eulalie ililia mpaka ikachoka. Mwishowe zikaanza meseji.

"Lalie pokea simu. Naomba."

"Jumamosi nitaolewa na nani, wewe au mama yako?"

"Usiseme hivyo. Nakupenda."

"Najua. Gizani unanipenda sana. Mimi nataka wa kunipenda taa zikiwaka."

Alcide aliisoma hiyo ya mwisho amekaa ndani ya gari la maiti, na akashindwa kuwasha injini. Akampigia Bi Vernell, mwenye ukumbi anaochezea Eulalie, mwanamke aliyecheza burleski enzi ambazo mcheza ngoma mweusi aliingilia mlango wa jikoni.

"Bi Vernell, nisaidie. Ongea naye. Mwambie aahirishe."

"Rochon, mwanangu, hebu nikuulize. Mlikutana wapi wewe na Eulalie?"

"Hapo kwako."

"Ulikuwa umekaa wapi?"

"Meza ya mbele."

"Ulipiga makofi?"

"Nilisimama juu ya kiti."

"Uliking'oa na mguu, nakumbuka. Sasa mtu aliyesimama juu ya kiti leo anataka mwenzake ashuke jukwaani? Mficha uchi hazai, mwanangu. Nenda kwa mama yako ukaseme ukweli, uache kunisumbua."

Akakata simu.

*

Jumatano asubuhi mama na mwana walikuwa chumba cha nyuma wanamwandaa mzee mmoja mpiga tarumbeta. Bi Hortense alikuwa anamfunga marehemu vifungo vya shati. Alcide alikuwa ameshika tai, hamalizi kuifunga.

"Mama, nilikudanganya."

"Hilo nimeshalijua."

"Hujajua lote. Hakuna mtu aliyenishika mkono akanipeleka kule. Baba alipokufa nilikaa miezi sijacheka. Siku moja nikapita, nikasikia watu wanacheka ndani kama wamepagawa, nikaingia. Alikuwa Lalie. Nilicheka mpaka nikalia, mama. Nilimlilia baba pale, kwenye meza ya mbele, kwa sababu makaburini sikuweza."

Bi Hortense alifunga kifungo cha juu, akakifungua, akakifunga tena.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu nakuogopa."

"Na yeye humwogopi?"

"Yeye nilidhani atavumilia."

"Ndivyo baba yako alivyokuwa akidhani kuhusu mimi," mama alisema. "Lete hiyo tai, utamnyonga mzee wa watu."

Akaifunga mwenyewe, akamlainisha marehemu kola. Kisha akasema:

"Alhamisi nitakwenda."

"Kwenda wapi?"

"Huko kwenu. Nikimhukumu, nimhukumu kwa nilichokiona mimi, si kwa simu ya Ozella."

*

Alhamisi ukumbi wa Bi Vernell ulifurika. Wengi walikuwa wanawake, wamevaa kofia na manyoya, wametoka makazini na majumbani kuja kucheka. Alcide alifika moja kwa moja kutoka makaburini, suti nyeusi na glavu nyeupe za kubebea jeneza. Mama yake alikaa pembeni yake, mkoba magotini, kama anasubiri daktari.

Bi Vernell alipanda na kipaza sauti.

"Wageni, sheria ya nyumba hii mnaijua! Ukipenda, piga kelele! Ukikaa kimya, umemtukana mchezaji! Sasa tulizeni mioyo yenu, maana mjane anakuja kuzika!"

Tarumbeta likaanza taratibu, kama linavyopigwa msafara ukielekea makaburini. Eulalie akaingia. Nyeusi tupu, shela hadi kifuani, hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama. Akaanza kulia. Alilia akatoa kitambaa mkononi, kikalowa. Akatoa cha pili. Akatoa cha tatu kwenye kofia, cha nne kwenye kiatu. Cha tano akamnyang'anya mpiga tarumbeta mfukoni. Ukumbi ulikuwa hoi.

"Lia, dada! Lia, yamekufika!"

"Alikuwa na urithi huyo?"

Kisha ngoma ikabadilika.

Kila mtu wa mji huu anaijua ngoma ile. Ukishamzika mtu wako, bendi inageuza, na waliokuwa wanalia wanaanza kucheza, kwa sababu marehemu ameshapumzika na walio hai bado wana miguu. Mjane wa jukwaani alisikia ngoma, akazuia bega lake lisitikisike. Likatikisika. Akalipiga kofi. Nyonga nayo ikaanza. Akaiangalia kwa mshangao kama ya jirani. Watu walikuwa wanapigana vikumbo kwa kicheko.

Shela ikaanguka. Kofia ikaruka. Glavu zikavuliwa kidole kimoja kimoja, kwa meno, na kwa kila kidole ukumbi uliitikia kama kanisani mhubiri akipata moto. Mwisho gauni jeusi likateleza, na chini yake kulikuwa na vazi la kijani na dhahabu lenye manyoya, linametameta, na mwanamke ndani yake akicheza kama mtu aliyerudishiwa mwili wake.

Bi Hortense hakupiga makofi. Hakutikisa hata mkoba.

Eulalie aliinama kushukuru, na macho yake yakaiona meza ile. Akamwona mama. Akamwona na Alcide. Tabasamu likabaki usoni, lakini akatoka haraka nyuma ya pazia.

Jukwaani zikabaki nguo nyeusi zimetapakaa. Mcheza burleski haokoti nguo zake mwenyewe, humvunjia madaha. Kuna mtu wa kuziokota, wanamwita paka, na kazi yake hudharauliwa na wasiojua. Paka wa siku hiyo, msichana mwenye masikio ya manyoya, alikuwa ndiyo kwanza anachungulia pazia. Alcide akasimama.

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Kazini, mama."

Akapanda jukwaani. Mtu mmoja akapayuka kutoka nyuma:

"Ee! Huyo si Rochon wa mazishi?"

Alcide akageuka, taa zote usoni.

"Ndiye mimi! Na huyo mliyekuwa mnampigia kelele anaitwa Eulalie Doucette. Ni mchumba wangu. Nilimficha mwaka mzima, na mwenye haya leo ni mimi, si yeye!"

Ukumbi ulilipuka. Bi Vernell akampa ishara mpiga tarumbeta. Na Alcide, kwa glavu zake nyeupe, akaziokota zile nguo kama alivyofundishwa na baba yake kubeba watu: mgongo wima, hatua moja na kusimama. Shela akaikunja juu ya mkono. Kofia akaipangusa vumbi. Gauni akalibeba kwa mikono miwili kama mwili wa mtu anayeheshimiwa. Watu walianza kwa kucheka, kisha wakasimama mmoja mmoja, na mpaka anafika kwenye pazia ukumbi mzima ulikuwa wima.

Nyuma ya pazia Eulalie alikuwa analia kweli, na kitambaa hana hata kimoja.

"Umeangusha biashara ya familia, wewe," alimwambia.

"Imesimama. Hukuwaona?"

"Alcide, mtaa mzima umekuona umebeba nguo zangu."

"Na Jumamosi wataniona nimekubeba wewe. Nisamehe, Lalie."

Hakujibu kwa maneno, na mimi hapo sina haja ya kueleza.

"Hodi," sauti ilisema mlangoni.

Wakaachana haraka kama watoto wa shule. Bi Hortense aliingia, akafunga mlango, akasimama mbele ya Eulalie.

"Yule mjane ni mimi."

"Ni wewe, mama. Siku ile ya mazishi ya mumeo sikuwajua hata majina, nilikuwa mkiani mwa msafara na watu wengine. Bendi ilipogeuza, wote walicheza, wewe ukabaki ndani ya gari. Lakini mlango ulikuwa wazi, nikauona mguu wako. Ulikuwa unafuata ngoma. Nikajiuliza, je, angeshuka?"

Bi Hortense akaushika mkoba kwa mikono miwili.

"Hukuniomba ruhusa."

"Sikukuomba. Kwa hilo nisamehe, mama, nilikosa. Kwa kucheza siombi msamaha."

Mama alimtazama mkwewe muda mrefu, juu hadi chini, manyoya yote.

"Glavu umekosea," akasema.

"Mama?"

"Umeanza na ya kushoto. Mjane haanzi na ya kushoto. Mkono wa kushoto ndio wenye pete. Huo anauacha mwisho, na anaweza kusimama nao hivyo hivyo siku nzima, hajui afanye nini."

Eulalie akamkumbatia, na yule mama aliyewavisha watu wa mtaa mzima akalia begani mwa mcheza burleski mpaka manyoya yakamshika usoni.

"Bado sipendi," alisema alipomaliza, akipangusa pua. "Sikiliza vizuri, sipendi. Lakini kutopenda ni kwangu mimi, si amri kwako. Jumamosi usichelewe kanisani."

*

Hakuchelewa. Walifunga ndoa mchana kweupe, wakatoka barabarani nyuma ya matarumbeta, miavuli juu, na mama wa bwana harusi alivaa njano. Watu walisahau bibi harusi kwa muda, wakabaki wanamwangalia yeye.

Kwenye keki Dada Ozella alishindwa kuvumilia. Akapaza sauti ili meza zote zisikie:

"Hortense mpenzi, hivi mkweo anafanya kazi gani? Nimesahau."

Uma zikatulia. Alcide akafungua mdomo, mama akamzuia kwa kiganja.

"Anacheza burleski. Kila Alhamisi, kwa Bi Vernell."

"Ee Bwana! Na wewe ulikwenda?"

"Nilikwenda. Na wiki ijayo nakwenda tena, ile meza ya mbele nimeshaichukua. Wewe utakaa nyuma, Ozella, na usije ukakaa kimya, ukamtukana mwanangu."