Betri ya Bibi Stojna

Kila Septemba ua wa Bibi Stojna ulinukia pilipili hoho za kuchoma. Zilichomwa mpaka ngozi ikawa nyeusi, zikamenywa, zikasagwa, halafu zikapikwa ajvar, rojo zito la kuhifadhiwa kwenye mitungi ya kioo kwa majira ya baridi. Mwaka huo mjukuu wake, Kalina, alikabidhiwa mwiko kwa mara ya kwanza. Ajvar haitaki kuachwa. Ukigeuka kidogo tu, imeshika chini.

Bibi alikuwa na pumu. Tena kifuani, chini ya ngozi, alikuwa amewekewa kifaa kidogo cha kuuamsha moyo unapozubaa. Mwenyewe alikiita betri.

Moshi ulipomkolea, alianza kukohoa.

"Bibi, pampu yako ya pumu iko wapi?"

"We koroga! Pampu nimeachana nayo."

"Kwa nini?"

"Nikivuta tu, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Inanimalizia betri ile! Na mimi nataka inifikishe kwenye harusi yako."

"Nani atanioa na masizi haya usoni?"

"Mpenda ajvar!"

Walicheka mpaka Bibi akakosa pumzi. Kisha akamshika mkono. "Usimwambie mama yako, roho yangu. Atanikataza hata kuwasha moto."

Kalina akaahidi. Aliona fahari kuaminiwa siri na mtu mzima. Siku zilizofuata alimsikia Bibi akikoroma kifuani usiku, akajifunika blanketi na kunyamaza.

Hoho za mwisho zilikuwa bado motoni Bibi alipokaa chini ghafla. Kifua kilipiga mluzi, midomo ikabadilika rangi. Kalina akatupa mwiko na kumwita mama yake, Vesna, aliyetoka mbio, akapapasa mifuko ya aproni ya Bibi.

"Pampu iko wapi? Kalina, leo amevuta?"

Bibi alimtazama mjukuu wake, akatikisa kichwa kidogo kumkataza.

"Ameacha, mama," Kalina akasema huku analia. "Ameacha siku nyingi. Alisema inamaliza betri."

Gari la wagonjwa lilifika haraka. Madaktari walihangaika naye mpaka jioni, lakini mapafu yalikuwa yamechoka mno. Bibi Stojna akafariki.

Daktari Trpkov, aliyekuwa akimtibu Bibi siku zote, aliketi nao kwenye benchi la korido ya hospitali. Alisema ni kweli, dawa ile huweza kuleta mtetemo na kuukimbiza moyo, na mwenye kifaa asilipuuze jambo hilo. "Lakini haimalizi betri. Moyo ukienda mbio wenyewe, kifaa kile hutulia tu. Angeniambia, ningempima, ningempunguzia au ningembadilishia dawa. Kuacha kimyakimya ndiko kulikomuua."

Kalina aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. "Mimi nilijua, mama. Nilijua!"

Vesna alimvuta kifuani. Alilia kwanza, kwa muda mrefu, ndipo akapata sauti.

"Kosa si lako, mwanangu. Mtoto habebeshwi mzigo kama huo. Bibi alikosea, na mimi nilikosea kutomuuliza. Ila nisikilize. Mtu yeyote akikuambia ufiche habari ya dawa, hata kama ni mimi, sema."

"Angeninunia, mama."

"Angekununia, ndiyo," Vesna akasema, akimfuta masizi na machozi kwa kiganja. "Ungemwacha anune. Anayenuna yu hai."